Kuanzisha gulio la wakulima kijijini

Chagua siku ambayo vijiji jirani havina gulio, kisha ishike hiyo hiyo kila wiki. Ukiahirisha mara mbili, wanunuzi huhamia kwingine. Pata kibali cha serikali ya kijiji na halmashauri, mkubaliane pia nani atakusanya ushuru, na kwa risiti.

Mizani ndiyo hugombanisha watu. Tumia iliyopigwa muhuri wa Wakala wa Vipimo, uhakiki wake ukirudiwa kila mwaka, na weka mizani moja ya kamati ya gulio langoni ili mnunuzi apime upya mwenyewe. Lumbesa marufuku: gunia lisizidi kilo 100 wala kuongezewa kipande cha gunia jingine juu, maana mkulima hulipwa bei ya gunia moja huku akitoa zaidi.

Mchicha na matembele yachumwe alfajiri, yapangwe mezani kivulini na kunyunyiziwa maji safi. Usiyafunike kwa nailoni. Joto hujifungia ndani na majani huanza kuoza. Nyanya zije kwenye kreti. Ndani ya tenga lenye kina, za chini hupondeka. Samaki wakae mwisho wa mteremko, maji yao yasipite kwenye mboga.

Wauza mitumba watakuja tu. Wape pembeni, wasimeze meza za wakulima.