Jinsi ya kuishi na utumbo unaoziba baada ya kupasuliwa tumbo

Kama ulishapasuliwa tumbo, iwe ni uzazi, kidole tumbo, fibroidi au ajali, na siku hizi kuna maumivu yanakuja yanakusokota yanaachia halafu yanarudi, tumbo linajaa, unatapika, basi soma hii kabla hujaambiwa ni chango au ngiri. Wengi tumemeza dawa za vidonda vya tumbo, za taifodi, za amiba, kumbe ni adhesheni, yaani nyuzi za kovu zinazoota ndani baada ya kisu zikanatisha utumbo na utumbo mwenzie au na ukuta wa tumbo. Watu wengi sana waliopasuliwa tumbo wanazo na haziwasumbui maisha yao yote, ila kwa wengine zinaukunja utumbo mdogo chakula kinakwama. Inaweza kutokea wiki chache baada ya oparesheni, inaweza kutokea miaka 20 baadae, yule mtoto uliyemzaa kwa kisu ashaanza kazi.

Kwa hiyo ukifika hospitali, hata kabla hujaeleza maumivu, sema ulipasuliwa lini na kwa ajili ya nini. Altrasaundi mara nyingi haizioni hizo nyuzi, ukirudishwa na karatasi inayosema kila kitu kiko sawa usijione mwongo. Eksirei ya tumbo umesimama, au siti skani, ikipigwa wakati tumbo limekukamata ndo inaonesha utumbo uliojaa.

Sasa nyumbani. Kuna siku unabanwa kidogo tu, hutapiki, bado unajamba. Hapo acha kabisa chakula kigumu, kunywa maji kidogo kidogo, supu iliyochujwa, uji mwepesi, tembea tembea uwani usikie linavyokwenda. Usinywe dawa ya kuendesha, sio sena sio mafuta ya nyonyo, usijiwekee maji ya sabuni kwa nyuma, na bibi asikukande tumbo hata kama mkono wake unasifiwa mtaa mzima, maana utumbo uliofungwa ukisukumwa kwa nguvu unaweza kupasuka. Dawa kali za maumivu kama tramadoli na zile zenye kodeini nazo usizinunue kienyeji, zinaulaza utumbo.

Ila ukitapika bila kukoma, hasa matapishi ya kijani, hujambi wala hupati choo na tumbo limevimba, nenda usiku huo huo usingoje asubuhi. Na maumivu yakiacha kuja na kuondoka yakawa mfululizo, au una homa, moyo unaenda mbio, tumbo gumu halishikiki, damu kwenye choo, hapo huenda utumbo umekosa damu na ni suala la masaa. Mjamzito ndo kabisa asisubiri.

Hospitali watakuzuia kula, watakuwekea dripu na mpira wa puani wa kutoa maji yaliyojaa tumboni. Ule mpira unakera jamani, lakini tumbo likishuka utaushukuru. Ambao utumbo haujaziba wote, wengi wanafunguka ndani ya siku 2 au 3 bila kisu, kwa hiyo daktari akisema tusubiri usidhani anakupuuza, anajua kila oparesheni inaweza kuzaa nyuzi mpya. Sehemu nyingine wanakupa gastrografini, dawa ya maji inayoonekana kwenye eksirei, unywe halafu wanapiga picha, ikionekana imefika utumbo mpana ndani ya saa 24 ni dalili nzuri sana.

Chakula ndo kazi yenyewe ya kila siku. Kula kidogo mara 5 au 6, tafuna mpaka kilainike, watu wakikucheka mezani waache wacheke. Vya kuogopa ni vyenye nyuzinyuzi na maganda: makande, mahindi ya kuchoma, bisi, muwa, nanasi, embe la nyuzi, mapera na mbegu zake, zile nyama nyeupe za chungwa, uyoga, kisamvu na mchicha wenye vijiti. Juisi chuja. Mtori, wali laini, viazi, samaki, mayai, mtindi, papai na ndizi iliyoiva vizuri kwa wengi havina ugomvi, ugali laini nao unapita, ila kila tumbo na yake, andika ulichokula kabla ya kila tukio utajijua. Usiwe mtumwa wa uji milele lakini, tumbo likitulia muda rudisha mboga laini taratibu.

Ramadhani inahitaji akili, kufuturu kwa pupa ndo kunakowakamata wengi, zungumza na daktari kabla ya kufunga, na ukiruhusiwa anza na uji, pumzika, ndo ule kidogo. Ukisafiri na basi beba chakula chako, hayo mahindi ya dirishani waachie wenzio.

Piga picha karatasi za oparesheni na majibu ya eksirei, weka kwenye simu, na mtu mmoja nyumbani azijue zilipo, maana ukiwa umejikunja unatapika hutaweza kuelezea chochote pale mapokezi.