Namna ya kushindanisha vitu kwenye mteremko na kula chapati za watu

Ukiwauliza watu kitu kizito na chepesi vikibingirika mteremkoni kipi kinawahi kufika chini, wengi wanakimbilia kusema kizito, na hapo ndo unawala chapati zao. Uzito hauna kazi hapa, ukubwa nao hauna kazi, kinachoamua ni huo uzito umekaa wapi, umejaa mpaka katikati au uko pembeni tu.

Tafuta ubao ulionyooka wa kama mita 1.2, hata mlango wa kabati bovu unafaa, upande mmoja uinue sentimita 20 hivi. Usizidishe asee, mteremko ukiwa mkali vitu vinaanza kuteleza badala ya kubingirika na mchezo umeharibika. Kama ubao una vanishi tandika khanga, uivute isiwe na mikunjo.

Anza na kipande cha mpini wa jembe na kipande cha bomba lenye ukuta mwembamba. Usiachie kwa mikono, mkono mmoja lazima utawahi na watu wataanza kelele za wizi, we weka rula mbele ya vyote viwili vikiwa vimeiegemea halafu iondoe ghafla kwenda mbele.

Mpini unashinda, tena sio kwa kubahatisha, ukifika chini bomba liko nyuma karibu sentimita 30. Wataanza ubishi eti mpini ndo mzito, sawa, leta bomba la chuma, zito kuliko mpini, linashindwa vilevile. Sababu ni kwamba ile nguvu ya mteremko inagawanywa, nyingine inasukuma kitu mbele nyingine inaliwa na kuzunguka. Bomba uzito wake wote uko pembeni kwa hiyo kulizungusha ni gharama, nusu nzima inaishia huko, mpini unapoteza theluthi moja tu, na gololi inapoteza kidogo zaidi, mbili ya saba, ndo maana gololi inaupita mpini kwa kama sentimita 8.

Mwenye simu inayorekodi slo-mo apige alama kwenye ubao sentimita 10, 40 na 90 kutoka gololi inapoanzia. Utaona muda wa kufika alama ya pili ni mara mbili ya ule wa kwanza, na ya tatu ni mara tatu. Galileo aliligundua hili kwa kubingirisha mpira wa shaba, muda akipima kwa maji yanayochuruzika anayakusanya na kuyapima uzito, akalichapisha 1638. Sisi tuna simu halafu tunalalamika.

Sasa silaha ya mwisho, iweke mpaka dau lipande: kopo la soda ambalo halijafunguliwa. Linaipiga hata gololi! Kopo linazunguka lakini soda ya ndani haizunguki nalo, imebebwa tu kama abiria, kinachozungushwa ni lile bati jembamba la nje basi, karibu nguvu yote inakwenda mbele. Wakishakulipa iache hiyo soda itulie kwanza kabla ya kuifungua, mi ilinirukia mpaka darini. Ukimaliza kuinywa lirudishe kopo tupu ubaoni, yaani yule bingwa wa dakika chache zilizopita sasa anashika mkia na bomba.