Kuandaa wasifu wa marehemu Mkatoliki, mama na bibi, wa kusomwa kwenye Misa ya mazishi

Anzeni na cheti cha ubatizo. Katika daftari la parokia alikobatizwa huandikwa pia kipaimara na ndoa, hivyo tarehe zote tatu hupatikana mahali pamoja. Mkikadiria miaka kwa kumbukumbu, ubishi utazuka msibani.

Muulizeni paroko mapema kuhusu muda. Homilia, yaani mahubiri ya padri, si mahali pa kumsifu marehemu. Maneno ya familia husomwa baada ya sala ya baada ya Komunyo, kabla ya sala za kumuaga. Dakika 5 zinatosha, yaani maneno 500 hivi, kwa herufi kubwa na msomaji mmoja. Wasomaji watatu hurudia yale yale.

“Alikuwa mcha Mungu” haitoshi. Elezeni rozari ambayo punje zake zimelainika kwa vidole vyake, chama chake cha kitume, na wajukuu aliowashika mkono kuwafundisha Ishara ya Msalaba. Msimtangaze kuwa yuko mbinguni tayari: Misa hiyo ni ya kumwombea.

Hakikini majina ya wajukuu wote. Anayerukwa huumia kwa miaka.

Nia ya Misa ya kumbukumbu ya mwaka, yaani ombi la kumwombea marehemu katika Misa hiyo, iandikisheni mapema ofisini kwa parokia.