Kushuka na Maji: Namna ya Kutembea Kutoka Ngosi Hadi Ufukwe wa Matema

Wageni wengi wanaokwenda Rungwe hufikia kwanza Daraja la Mungu, upinde wa jiwe juu ya Mto Kiwira, hupiga picha, kisha hurudi Mbeya jioni ileile wakiamini kwamba wameiona wilaya. Mimi pia nilitembea hivyo kwa muda mrefu, na ninasikitika kwa siku nilizozipoteza. Utaratibu ninaoushauri ni kuanzia juu, penye baridi na ukungu, kisha kushuka pamoja na maji hadi Ziwa Nyasa kwa muda wa siku nne. Ukifanya hivyo utateremka kutoka ukingo wa Ngosi, mlima wa volkano wenye ziwa kileleni, ulio zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, hadi Matema, iliyo karibu na mita 475, na miguu yako itakuonyesha jinsi volkano ilivyoijenga nchi hii na jinsi mito inavyoendelea kuichonga.

Chagua majira kabla ya kuchagua viatu. Tukuyu, mji mkuu wa wilaya ya Rungwe, hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wa majivu ya volkano ukilowa huwa utelezi mtupu, kwa hiyo miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo salama zaidi kwa mwenye kutembea kwa miguu. Juni na Julai baridi ni kali, hasa alfajiri, na koti zito si anasa. Anayetaka maua ya Kitulo, hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 2005 na ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, itambidi aende wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Hiyo ni safari nyingine yenye maandalizi yake, na sishauri kuziunganisha hizo mbili.

Kutoka Mbeya, magari ya Tukuyu na Kyela huiacha barabara kuu ya Dar es Salaam pale Uyole na kuanza kupanda kuelekea milima ya Poroto. Mwambie kondakta mapema kwamba unashuka kwenye njia ya Ngosi, na ufike hapo kabla ya saa mbili asubuhi. Ninalisisitiza hili kwa sababu mara ya kwanza nilianza kupanda saa sita mchana, na nilipofika ukingoni ukungu ulikuwa umelifunika ziwa lote; nilikaa nikitetemeka kwa saa nzima, kisha nikashuka bila kuona hata tone la maji. Asubuhi mawingu huwa bado hayajapanda, nawe utaliona ziwa la kasoko, yaani shimo la volkano, lenye urefu wa kama kilomita mbili na nusu, limetulia kati ya kuta zilizovaa msitu, lisilo na mto wowote unaoonekana ukitoka ndani yake.

Njia yenyewe hupita kwanza kwenye mashamba ya viazi, kisha huingia katika msitu wenye mianzi, migomba pori na kangaga warefu kama miti. Sehemu ya mwisho ni mwinuko mkali ambao utaupanda huku ukishika mizizi. Chukua mwongozaji mwenyeji, patana naye malipo kabla ya kuondoka, na umwache atangulie, kwa maana vijia vya wakata mianzi vinachanganya na mtu hupotea pasipo kujua. Mwombe akutafutie kinyonga mwenye pembe tatu, ambaye makao yake ni milima hii ya Poroto. Jicho la mgeni humpita bila kumwona, ilhali mwenyeji humwonyesha kwa kidole. Usimshike wala usimwondoe kwenye tawi lake. Pia usijaribu kuteremka hadi majini kwa haraka ya kutaka kunawa uso, kwa kuwa ukuta wa ndani ni mkali kuliko unavyoonekana ukiwa juu.

Siku ya pili ni ya Mto Kiwira. Mto huu hukusanya maji ya Poroto na Rungwe, na mahali pa kwanza pa kuusoma ni Daraja la Mungu, ambapo jiwe lililotokana na lava limebaki kama upinde juu ya mto na maji hupita chini yake. Usikimbilie kupanda juu ya daraja. Tafuta kwanza mahali salama pembeni unapoweza kuutazama upinde huo ukiwa chini, uone unene wa jiwe na namna maji yalivyolila, ndipo jina la mahali litakuwa na uzito kwako. Mbele zaidi kuna Kijungu, ambapo mto wote huporomokea kwenye shimo la mwamba lililo kama chungu kidogo na kuzunguka humo kwa kishindo. Kijungu kipo ndani ya eneo la chuo cha magereza, kwa hiyo beba kitambulisho, jiandikishe getini, ufuate maelekezo ya askari, wala usielekeze kamera kwenye majengo yao. Miamba ya ukingoni huwa na ukungu wa kijani unaoteleza hata kiangazi. Watoto washikwe mkono muda wote, na hilo halina mjadala.

Siku ya tatu ina njia mbili, na uamuzi utategemea magoti yako. Mwenye nguvu apande Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, safari inayochukua siku nzima, kwenda na kurudi. Msitu wake umehifadhiwa kisheria, hivyo lipa kiingilio kwa wahusika na upewe risiti kabla ya kupanda. Humo ndimo alimo kipunji, nyani ambaye watafiti walimtambua mwaka 2003 na kumtangaza kwa ulimwengu mwaka 2005, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja tangu zamani. Hukaa juu ya miti mirefu na ana haya. Ukimsikia tu, hesabu kwamba umebahatika. Asiyetaka mlima aende maporomoko ya Kaporogwe, kusini mwa Tukuyu, ambako kuna pango nyuma ya pazia la maji, naye hatachoka sana.

Katika vijiji vyote hivi salamu hutangulia swali. Mzee umwamkie shikamoo na usubiri marahaba yake kabla ya kuuliza njia, na ukiweza kusema "ugonile" kisha "ndaga" wakati wa kushukuru, utaona uso wa mwenyeji ukifunguka. Chemchemi na vichaka vingine ni mahali pa matambiko, na ukiambiwa usipite, zunguka.

Siku ya nne shuka kwa gari kupitia Kyela na Ipinda hadi Matema. Utaliacha koti la Ngosi kwenye begi, kwa maana joto litakupokea pamoja na harufu ya mpunga na kakao, na mbele yako Milima ya Livingstone itasimama wima kando ya Ziwa Nyasa. Ukanda huu wa chini una malaria, hivyo lala ndani ya chandarua. Kabla ya kuogelea, waulize wavuvi mahali panapofaa, uepuke maji yaliyotuama yenye matete, kwa sababu huko ndiko konokono wa kichocho wanakopenda kukaa, na uepuke midomo ya mito kwa ajili ya mamba. Mchana kula wali wa Kyela kwa samaki wa ziwani, kisha pumzika kivulini.

Ikiwezekana, pangilia safari yote ili siku ya kufika Matema iwe Ijumaa, kwa sababu Jumamosi kuna soko la vyungu pale Lyulilo, kijiji kilicho kando ya ziwa karibu na Matema. Vyungu huletwa kwa mitumbwi na akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe, ambao huvifinyanga kwa mkono. Ukichagua chako, kiinue kwa mkono mmoja na ukigonge taratibu kwa kifundo cha kidole: kilicho kizima hulia kwa sauti ya wazi, na chenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa. Kijaze majani makavu ndani, ukizungushie kitambaa nje, na ndani ya gari la kurudi Mbeya ukipakate mwenyewe hadi Uyole.