Kupima kitambi kwa futi ya fundi cherehani

Mama mkubwa wangu ana mikono myembamba na miguu ya mtembea kwa miguu. Mizani ilikuwa inamsomea kilo 64, akawa anajisifu. Nilipompima kiuno nikakuta sentimita 97, na sukari yake ilikuwa juu. Tangu hapo futi haitoki kwenye pochi yangu ya kazini.

Inua nguo, legeza kanga au mkanda, simama wima. Kwa vidole tafuta ubavu wa mwisho, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Futi inapita katikati ya hapo. Usifuate mkanda wa suruali: mwanamume mwenye kitambi huufunga chini ya tumbo, namba ikatoka ndogo. Mtu akuangalizie mgongoni, futi isishuke. Iguse ngozi bila kubana. Toa pumzi kama kawaida, soma hapo hapo, na tafadhali usivute tumbo ndani. Rudia mara ya pili.

Mwanamke akifika 80, au mwanaume 94, namwambia akapime sukari na presha wiki hiyo hiyo.

Kwa nini tumbo, si mapaja? Mbuzi akichunwa, tazama figo yake ilivyofunikwa na mafuta meupe. Sisi pia tunayo ya ndani, yamezunguka utumbo, na damu itokayo huko huingia moja kwa moja kwenye ini. Yale ya chini ya ngozi, ya mapaja na makalio, hayasumbui hivyo.

Chakula kinachozidi matumizi huwekwa akiba kwenye seli za mafuta, kila seli ikibeba tone moja kubwa. Ni akiba yenye nguvu nyingi: gramu ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4. Seli huvimba kwanza. Zikielemewa, mwili unaongeza nyingine. Ukipungua idadi yake haishuki, zinanywea tu, kwa hiyo ukirudia soda na chapati za usiku zinajaa tena. Nawaambia hili mapema ili wasijilaumu.

Pima mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya chai, uandike. Mama mkubwa anaandika kwa penseli nyuma ya mlango wa kabati: 97, 96, 96, 94.