Aksolotli akigoma kula, anza na maji

Aksolotli wangu, amfibia wa majini wa jamii ya salamanda mwenye matamvua nje ya kichwa, anaitwa Tabasamu, na jina lenyewe ndilo linalonidanganya: mdomo wake unacheka hata siku anayoumwa. Siutazami tena. Natazama matamvua na mkia. Matamvua yakijikunja kuelekea mbele na ncha ya mkia ikapinda kama ndoana, huyo ana jambo.

Mara ya kwanza alipogoma, nilihangaika na chakula siku nne: nyungunyungu, vidonge, vipande vya kamba. Kila kitu akakitema, kikaozea tangini. Kumbe nazidi kumchafulia. Kipimo cha amonia, sumu itokanayo na kinyesi na chakula kilichooza, kilipogeuka kijani, yaani imezidi, ndipo nikakumbuka kwamba wiki ile nilisuuza sponji ya chujio kwa maji ya bomba. Klorini, dawa ya kusafishia maji ya bomba, iliua bakteria wanaokula amonia. Siku hizi sponji naikamulia kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini humohumo.

Basi pima kwanza. Amonia na nitriti (sumu inayozaliwa na amonia) ziwe 0. Joto liwe kati ya nyuzi 16 na 18. Likifika 24 ni hatari. Asili yake ni ziwa Xochimilco la Mexico, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo joto si lake. Feni ikipuliza juu ya maji huyapoza nyuzi mbili tatu.

Maji yakiwa mabaya, mhamishie kwenye beseni safi. Mchote kwa bakuli. Wavu hunasa vidole na matamvua. Maji ya beseni yawe yametolewa klorini, ya joto lilelile, na uyabadilishe yote kila siku. Funika kwa kitambaa kuzuia mwanga, maana hana kope za kufumba. Huku nyuma, rekebisha tangi.

Mpe siku moja mbili atulie, kisha jaribu kipande kimoja tu cha nyungunyungu aliyeoshwa, kisichozidi upana wa nafasi kati ya macho yake. Kishike kwa kibano butu, ukitikise taratibu karibu na pua. Akikataa, toa. (Wale nyungunyungu wadogo wekundu wana uchungu, wengi huwatema hata wakiwa wazima.) Usimpanue mdomo kwa nguvu. Mkubwa mwenye mwili huvumilia hata wiki mbili bila kula. Mtoto havumilii hivyo, usimsubirie.

Tumbo likivimba na haoni choo, huenda amemeza kokoto. Hilo, pamoja na kuelea kichwa chini au pamba nyeupe kwenye matamvua, ni la daktari wa wanyama anayewajua amfibia. Wako wanaomweka kwenye friji, wakitumaini baridi itamsaidia. Mimi siwezi bila daktari kusema.

Siku ya saba Tabasamu alifyonza kipande chake cha kwanza. Kesho yake akanya, nikaita nyumba nzima waje kuona.