Kusafiri kwa ndege na bunduki ya uwindaji kwenda nchi za nje

Mwindaji anayepanga safari ya nje kwa kawaida huanza na msimu, mnyama na mwenyeji wake, kisha hukata tiketi, na mwisho kabisa ndipo anapokumbuka kuuliza bunduki itasafirije. Mpangilio huo ndio unaozaa matatizo mengi. Abiria akikaa saa mbili katika uwanja wa ndege wa nchi ya tatu huhesabiwa kuwa mpita njia tu, lakini bunduki yake inaweza kuhesabiwa kuwa silaha inayopitishwa katika ardhi ya nchi hiyo, nayo nchi ikadai kibali chake yenyewe. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuichora njia ya bunduki, uwanja kwa uwanja, kabla ya kulipia chochote.

Njia kwanza, tiketi baadaye

Safari ya moja kwa moja ikipatikana, ichukue hata kama nauli yake imezidi kidogo, kwa kuwa kila kituo unachokiondoa njiani ni kibali kimoja, kaunta moja na hatari moja ya mzigo kupotea ulizojiepusha nazo. Pale ambapo hapana budi kubadilisha ndege, uliza mambo mawili. Je, nchi ya katikati hudai kibali cha kupitisha silaha hata kama sanduku halitoki nje ya uwanja? Na je, tiketi yako ni moja tangu mwanzo hadi mwisho, ili mzigo upelekwe moja kwa moja mpaka unakoshukia? Mwenye tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali hulazimika kuchukua mzigo wake katikati ya safari, kupita nao forodha na kuukabidhi upya, na akishafanya hivyo ameiingiza silaha katika nchi ambayo pengine hakuwa na habari nayo kabisa.

Hata tiketi moja haitoshi kila mahali. Nchini Marekani, abiria anayetoka nje kwa kawaida huchukua mizigo yake katika uwanja wa kwanza anaoingilia, hata kama ana ndege nyingine ya kuendelea mbele. Mwindaji anayetoka Ulaya kwenda Kanada kwa kupitia huko anapaswa kuwa na ruhusa ya Marekani kwa ajili ya bunduki yake, ingawa hana nia ya kuwinda hata sungura mmoja katika nchi hiyo.

Mtego mwingine ni ndege za ushirika, yaani tiketi inabeba jina la shirika moja na ndege ni ya shirika jingine. Niliwahi kuthibitishiwa kwa simu na shirika lililoniuzia tiketi kwamba bunduki yangu imekubaliwa, kisha nikagundua siku tatu kabla ya safari, katika maandishi madogo yaliyokuwa chini ya ratiba, kwamba kipande cha pili cha safari kilikuwa cha shirika ambalo halibebi silaha za abiria kabisa. Waulize wenye ndege yenyewe, tena kwa maandishi, kwa sababu mashirika mengi hutaka taarifa mapema, baadhi yao hutoza ada ya kushughulikia silaha, na mengine hukataa moja kwa moja. Jibu lao lichapishe kwenye karatasi. Mtumishi wa kaunta wa saa kumi alfajiri hajui uliandikiana na nani.

Vibali na namba ya silaha

Karatasi zako zina kazi mbili zisizofanana: kuiruhusu bunduki iingie nchi ya watu, na kuthibitisha wakati wa kurudi kwamba ilikuwa yako tangu awali. Wengi huikumbuka ya kwanza na kuisahau ya pili. Wakazi wa Marekani hutumia Fomu 4457 ya forodha, ambayo ofisa huijaza na kuigonga muhuri baada ya kuiona silaha yenyewe, kwa hiyo haiwezekani kuipata ukiwa umekwisha kuondoka. Ifanye wiki kadhaa kabla ya safari, na uhakikishe kwamba fomu ni ya toleo la karibuni, kwa sababu wapo maofisa wa nchi nyingine wanaoisoma ile tarehe ndogo ya mwisho iliyochapwa kwenye kona kana kwamba ni tarehe ya mwisho wa leseni. Wakazi wa Umoja wa Ulaya wana Pasi ya Silaha ya Ulaya, iliyoanzishwa na maelekezo ya mwaka 1991, ambamo kila bunduki huandikwa. Pasi hiyo hurahisisha safari kati ya nchi wanachama, ingawa haiondoi masharti ya kila nchi kuhusu uwindaji wenyewe.

Kwa upande wa nchi unayokwenda, taratibu hutofautiana sana. Afrika Kusini hutumia fomu ya polisi ya SAPS 520, inayojazwa kwa wino mweusi na kuambatanishwa na barua ya mwaliko ya mwenyeji, nakala ya pasipoti, tiketi ya kurudi na uthibitisho wa umiliki. Kanada hutumia fomu ya tamko ya RCMP 5589 (RCMP ni polisi wa taifa wa huko), ambayo unaijaza mapema lakini huitii saini mpaka uwe mbele ya ofisa wa forodha, nayo ikishathibitishwa hudumu siku 60. Uingereza hutoa kibali cha mgeni ambacho huombwa polisi na mdhamini anayeishi huko, wala si wewe mwenyewe. Marekani humtaka mgeni asiye mkazi aombe kibali kwa Fomu 6NIA kabla ya safari, na moja ya nyaraka zinazomfungulia njia ni leseni halali ya uwindaji ya jimbo lolote la nchi hiyo. Usingojee mwezi wa safari ndipo uanze.

Sasa namba ya silaha, ambayo ningependa msomaji aipe muda kuliko kitu kingine chochote katika mwongozo huu. Itoe bunduki kabatini mchana, hakikisha haina risasi, isogeze kwenye mwanga wa dirisha, na uinakili namba kutoka kwenye chuma chenyewe. Usiinakili kutoka kwenye leseni wala kwenye risiti ya dukani. Sifuri na herufi O hufanana, moja na herufi I hufanana, na 8 iliyojaa mafuta makavu huonekana kama B. Bunduki nyingine zina namba zaidi ya moja, kwenye mtutu na kwenye mwili wake, na ofisa wa mpakani anaweza kusoma ile ambayo wewe hukuiandika. Ukishaipata namba sahihi, ilinganishe na leseni, fomu ya forodha, ombi la kibali na barua ya mwenyeji, herufi kwa herufi, huku mtu mwingine akikusomea kwa sauti. Fanya vivyo hivyo na jina lako: lililo kwenye pasipoti ndilo liwe kwenye kila karatasi, bila kifupisho na bila jina la utani. Kosa likigundulika nyumbani hurekebishwa kwa barua moja, lakini likigundulika mbele ya polisi wa uwanja wa ndege, bunduki hubaki stoo na wewe huenda porini mikono mitupu.

Kabla ya kujaza chochote, hakikisha pia kwamba aina ya silaha yako inakubalika. Bastola na bunduki za nusu otomatiki hukataliwa katika nchi nyingi hata kwa mwindaji mwenye leseni, na vizuia sauti, ambavyo mahali pengine ni vya kawaida, kwingine ni kosa la jinai. Darubini za kuonea usiku na za joto zina sheria zake, wakati mwingine kuanzia pale unapozitoa nchini mwako. Na kama safari ni ya siku nne kwa ajili ya mnyama mmoja, maoni yangu ni kwamba ukodi bunduki ya mwenyeji. Raha ya kutumia silaha uliyoizoea ni kubwa, lakini si kubwa kuliko usumbufu wa vibali vitatu.

Sanduku, kufuli na risasi

Bunduki husafiri katika mzigo unaokabidhiwa, kamwe si katika begi la mkononi, ikiwa haina risasi ndani, katika sanduku gumu lililofungwa kwa kufuli. Sanduku liwe na matundu ya kufuli yasiyopungua mawili, tena karibu na pembe. Lijaribu mwenyewe: lifunge, kisha vuta kona moja kwa nguvu, na vidole vikipenya ndani ujue halifai, kwa kuwa wakaguzi hufanya jaribio hilo hilo. Weka kufuli katika kila tundu, na funguo zikae kwako. Masanduku yasiyopenyeza hewa huwa na vali ndogo ya kusawazisha mgandamizo. Ikiwa yako haijifungui yenyewe, ifungue kwa mkono baada ya kutua, la sivyo kifuniko kitang'ang'ania kana kwamba kimegandishwa, na ofisa aliye mbele yako atadhani unamchezea.

Toa bolti, yaani kile chuma kinachofungua na kufunga chemba ya risasi, kwenye bunduki na uilaze kwenye nafasi yake ndani ya sponji, ili mkaguzi aone kwa jicho moja kwamba chemba iko tupu. Magazini nayo iwe imetolewa na iwe tupu. Darubini ibaki kwenye bunduki ikiwa sponji inaikamata vizuri. Kisu cha kuchunia kiende katika mzigo unaokabidhiwa, ilhali betri za akiba za lithiamu, za tochi na za kipima umbali, hukaa katika begi la mkononi. Vimiminika vya kusafishia mtutu vinavyoshika moto haraka, baruti isiyo ndani ya risasi na fataki za kujazia risasi, yaani viwashio vya baruti, havipandi ndege ya abiria kwa namna yoyote.

Kuhusu risasi, kanuni za kimataifa za mizigo ya hatari humruhusu abiria mmoja kilo 5 kwa matumizi yake mwenyewe, uzito ukiwa ni pamoja na kifungashio, na kwa idhini ya shirika. Risasi zenye vichwa vya kulipuka au vya kuwasha moto haziruhusiwi. Wasafiri wawili hawaruhusiwi kuunganisha haki zao katika furushi moja, hata wakiwa mume na mke. Kilo 5 huisha upesi kuliko inavyodhaniwa: pakiti 4 za risasi 25 za marisau za geji 12 huufikia mpaka huo, na risasi 100 za kaliba (yaani kipenyo) ya inchi .375 pamoja na masanduku yake huukaribia. Ndiyo maana ruhusa ya Afrika Kusini ya risasi 200 kwa kila bunduki haimsaidii sana mwenye kaliba kubwa. Ndege humzuia kabla sheria ya nchi haijamzuia. Pima kwa mizani. Risasi zikae katika pakiti zake za kiwandani au katika kisanduku chenye tundu la kila moja, na uliza shirika kama zinaweza kulala katika sanduku la bunduki au ziwe katika begi jingine, kwa sababu mashirika hayakubaliani juu ya hilo. Beba kaliba zile tu zilizoandikwa kwenye kibali chako.

Siku ya safari

Fika uwanjani saa 3 au zaidi kabla ya ndege kuondoka, nenda kwenye kaunta yenye mtu, wala si kwenye mashine, na useme kwa utulivu kwamba una bunduki ya uwindaji isiyo na risasi ndani unayotaka kuitolea taarifa. Usilifungue sanduku mpaka uambiwe. Ukiambiwa, lifungue mahali watakapokuelekeza, acha ofisa aone, wala usiishike bunduki bila kuombwa. Utatia saini kadi ya tamko na sanduku litapelekwa kwa ukaguzi wa mionzi. Usiondoke eneo hilo mpaka wakuhakikishie kwamba limepita, kwa maana wakitaka kulifungua tena na mwenye funguo amekwisha kupita ulinzi, sanduku litabaki chini. Kabla ya kuachana na kaunta, soma ile lebo ya mzigo kwa macho yako: herufi tatu za mwisho ziwe za uwanja unaoshukia.

Ukifika, usigande mbele ya ukanda wa mizigo. Silaha mara nyingi hupelekwa kwenye ofisi ya polisi au ya forodha, na huko ndiko utakakotakiwa kulinganisha namba na kibali. Foleni yaweza kuwa ndefu, kwa hiyo usipange ndege ya ndani itakayoondoka baada ya saa moja. Kwenye kambi, kabla ya kumtazama mnyama yeyote, piga risasi mbili au tatu kwenye shabaha ya mita 100, kwa sababu sanduku lililotupwatupwa viwanja vitatu huweza kuipeleka darubini pembeni bila alama yoyote ya nje.

Kurudi kunafuata njia ile ile kinyumenyume, na karatasi ni zile zile, hivyo zitunze katika bahasha moja muda wote wa kambi. Hesabu risasi zilizobaki na uulize kama sheria ya huko inakuruhusu kumwachia mwenyeji. Usizigawe hivi hivi. Kisha pekua koti la uwindaji, mifuko ya suruali na kila zipu ya begi utakalobeba mkononi, kwa kukung'uta na si kwa kupapasa, kwa kuwa risasi moja iliyojificha kwenye mshono huonekana kwenye mashine ya mionzi kama zinavyoonekana ishirini.